Usiingizwe Box! Jinsi ya Kuchagua Giaboksi ya Gia Tano ya Ndai ya Zamani

Kama umerithi Escort ya mzae, umenunua Datsun yenye ilikuwa imelala kwa kiwanja cha jirani, ama unasukuma Corolla KE70 yenye bado inadunda, hii stori unaijua vizuri. Mjini ndai iko fiti. Watu wanaipiga picha kwa jam, watoi wanauliza ni ya mwaka gani. Halafu siku moja unaamua kuteremka Mombasa. Ukishapita Athi River unashika 100, uko gia ya nne, na hakuna ingine. Injini inalia kama nzi ndani ya chupa, sindano ya petroli inashuka, na mbele yako kuna zaidi ya kilomita 400.

Ukirudi, kila msee ako na ushauri. Wa kwanza anasema weka giaboksi ya gia tano. Wa pili anasema tafuta ovadraivu. Wa tatu ako na boksi kwa stoo pale Grogan na anakuapia kwamba "itaingia tu, buda."

Hiyo "itaingia tu" ndio imefanya ndai nyingi noma zikae juu ya mawe miaka mbili. Boksi ilinunuliwa kwanza, hesabu ikafanywa baadaye. Hapa tunageuza hiyo mpangilio. Soma hadi mwisho kabla utume M-Pesa kwa mtu.

GIA YA TANO INAFANYA NINI?

Kwa giaboksi nyingi za zamani, gia ya nne ni moja kwa moja. Injini ikizunguka mara moja, propela pia inazunguka mara moja. Hiyo inaandikwa 1.00. Gia ya tano ya ovadraivu iko chini ya moja, tuseme 0.82. Maanake, propela ikizunguka mara moja, injini imezunguka 0.82 tu. Ndai inaenda spidi ile ile lakini injini imetulia.

Ovadraivu kamili, ile ya kuongezwa nyuma ya giaboksi yenye uko nayo, inafanya kazi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba unabaki na boksi yako ya zamani na unaongeza kifaa kingine nyuma yake, kinachowashwa na swichi ama kijiti.

Sasa shika hii: gia ya tano haiongezi nguvu. Inapunguza. Ukitoka 1.00 hadi 0.82, nguvu ya kuzungusha magurudumu imeshuka kwa asilimia 18, spidi ikiwa ile ile ya injini. Kwa hivyo swali la kujiuliza ni kama injini yako iko na nguvu ya kubeba hiyo gia kwa barabara zenye wewe hupita. Idadi ya gia peke yake haikuambii kitu.

HESABU YA DAKIKA TANO

Unahitaji vitu tatu tu: mzunguko wa tairi, namba ya difu na namba ya gia.

Tairi: chora alama ya chaki kwa tairi na chini. Sukuma gari polepole hadi alama irudi chini tena. Pima hapo katikati na tepu. Huo ndio mzunguko.

Difu: weka jiwe kwa magurudumu ya mbele, toa gia, inua gurudumu moja la nyuma na uliweke juu ya stendi ya nguvu. Usiamini jeki peke yake. Chora alama kwa propela. Zungusha hilo gurudumu mara mbili kamili huku beshte yako akihesabu propela imezunguka mara ngapi. Hiyo ndio namba ya difu. Ikizunguka mara nne na kidogo, uko kwa zile za 4.1. Hii hesabu ni ya difu ya kawaida, sio ile ya kujifunga.

Sasa tuchukue mfano. Ndai iko na tairi 175/70 R13, yenye mzunguko wake ni karibu mita 1.81, na difu ya 4.11. Kwa spidi ya 100, ndai inakula karibu mita 1,667 kwa dakika. Gawanya na 1.81, zidisha na difu, zidisha na gia. Injini itazunguka hivi kwa dakika:

- Gia ya 1.00: karibu 3,790
- Gia ya 0.86: karibu 3,260
- Gia ya 0.82: karibu 3,110
- Gia ya 0.78: karibu 2,960
- Gia ya 0.745: karibu 2,820

Umecheki? Hata ile gia ya kawaida ya 0.86 inatoa zaidi ya mizunguko 500 kila dakika. Kutoka Nairobi hadi Mombasa hiyo ni mapumziko mengi kwa injini ya miaka 50, na masikio yako pia yatashukuru.

Lakini jaribu kitu ingine. Acha giaboksi yako ya gia nne vile ilivyo, na ubadilishe difu kutoka 4.11 hadi 3.54. Kwa 100 unapata karibu 3,265. Hiyo ni sawa kabisa na kuweka gia ya tano ya 0.86! Hakuna kukata tanuli ya sakafu, hakuna klachi mpya, hakuna kupima propela upya kama difu ni ya familia moja. Ubaya ni kwamba gia zote zimekuwa ndefu, hata ya kwanza. Kutoa ndai kwa mlima ukiwa na watu wanne itakuwa kazi, na klachi ndio italipa.

NAIROBI IKO JUU, NA INJINI YAKO INAJUA

Hapa ndio ushauri mwingi wa video za Uingereza na Marekani hutuangusha. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unapopanda, juu hewa imekuwa nyepesi. Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya bahari. Limuru iko juu zaidi, inapita 2,200.

Injini ya 1.3 yenye ilitoka kiwandani na farasi 60 iko na karibu 50 ikiwa Nairobi, na hiyo ni kama bado iko na afya. Sasa ipatie gia ya 0.745, weka mabeshte wanne na mizigo, halafu uelekee Naivasha. Hutaitumia hiyo gia. Utakuwa unaingia tano, ndai inachoka, unarudi nne, unaingia tano tena. Umelipa doh ya gia yenye unaiona tu kwa kichwa cha shifta.

Ukiteremka upande wa Mtito Andei na Voi, hewa ni nzito na barabara imenyooka. Hapo gia ndefu inafurahia. Kwa hivyo jiulize ndai yako huishi wapi. Kama ni ya Nairobi, Nakuru na Nyeri, injini ya chini ya lita 1.6 itafurahia gia ya tano kati ya 0.82 na 0.87 kuliko ile ndefu sana. Gia ya 0.75 waachie wenye lita mbili na nusu kuenda juu.

NJIA ZAKO NI NNE

1. Badilisha difu peke yake. Ni njia rahisi na unaweza kuirudisha. Inafaa kama gia yako ya kwanza ni fupi sana, ile ya kutoa gari tu halafu unaitupa.

2. Ongeza ovadraivu. Inafaa kama gari yako ilitengenezewa kifaa kama hicho tangu zamani. Kama haikutengenezewa, itabidi propela ikatwe na vishikilio vitengenezwe.

3. Giaboksi ya ukoo wa injini yako. Hii ndio njia bora kwa wengi. Unatafuta boksi ya gia tano yenye kampuni ile ile iliweka nyuma ya injini ya familia ile ile, miaka ya mbele kidogo. Matundu ya bolti yanalingana, shafti inaingia, starta inakaa mahali pake.

4. Giaboksi ya ukoo mwingine, na adapta. Inawezekana, watu wanafanya. Lakini hapa ndio fundi lazima awe mtu wa vipimo, sio mtu wa nyundo. Bei ya boksi yenyewe itakuwa ndio kitu ndogo kwa bili.

Kabla uende mbali: boksi nyingi zimejaa kwa maduka ya Kirinyaga Road na Industrial Area ni za Vitz, Fielder na Probox za kuvutwa na magurudumu ya mbele. Hizo ziko na difu ndani yake na hulala kwa upana wa gari. Ndai yako ya zamani inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Hata upewe bure, hiyo sio yako.

Na zile za matatu na pickup? Zinasukuma nyuma, ndio, lakini nyingi ni nzito, na gia ya kwanza ni fupi juu zilitengenezwa kubeba mzigo. Kwa Corolla ndogo utakuwa umeingia gia ya pili kabla utoke kwa geti.

NDAI KWA NDAI

Ford Escort Mk1 na Mk2. Hii ni royal blood ya Safari Rally. Hannu Mikkola alishinda nayo 1972, na Björn Waldegård akarudia 1977. Boksi yenye wasee hukimbilia ni Type 9 ya Ford Sierra ya miaka ya 80. Ile ya injini za silinda nne iko na gia 3.65, 1.97, 1.37, 1.00 na 0.82. Ni saizi poa kwa Escort ya mtaani.

Lakini cheki mambo matatu. Moja, Type 9 ni ndefu kuliko boksi ya Escort, kwa hivyo propela inafupishwa na kishikilio cha nyuma kinasongezwa. Mbili, kuna Type 9 ya injini ya V6 yenye shafti ya mbele ni ndefu zaidi na gia ya kwanza ni 3.36. Ukiuziwa hiyo bila kujua, itakataa kukaa. Tatu, nyingi hazina tundu la kumwaga oili chini, na gia ya tano iko nyuma kabisa ya boksi. Kama ilitembea miaka bila mtu kuangalia oili, gia ya tano ndio huumia kwanza.

Datsun za injini ya L. Hapa kuna 1600 SSS, 240Z na 160J. Shekhar Mehta alichukua Safari na 240Z 1973, halafu akaenda nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa bado ndani ya Datsun. Boksi ya kutafuta ni ile inaitwa FS5W71B. Shida ni kwamba hilo jina linabeba boksi tofauti tofauti. Za 280Z za miaka ya 70 ziko na gia ya kwanza 3.321 na ya tano 0.864. Za 280ZX za mwisho ziko na ya kwanza 3.062 na ya tano 0.745.

Zote zinaitwa "ya Z" na muuzaji atakwambia hazina tofauti. Kwa injini ya silinda sita ya lita 2.8, ile ya 0.745 ni tamu. Kwa 1600 yenye inaishi Nairobi, chukua ya 0.864.

Siri ingine ya Datsun: ile kola inayobeba beringi ya klachi lazima ilingane na presha pleti yenye umefunga, sio na giaboksi yenye umenunua. Ukikosea urefu wake, klachi itakataa kuachia ama itateleza siku ya kwanza, na utalaumu boksi bure.

Toyota Corolla za injini ya K. KE20, KE30, KE70, hawa ni ndugu. Boksi ya gia tano ya ukoo huo ni K50, na njia rahisi ni kuitafuta kutoka kwa Corolla, sio kutoka kwa van. LiteAce na TownAce za injini ya K ziko na dereva anakaa juu ya injini, kwa hivyo shifta yake haitokei mahali pako pa mkono. Kama una ndoto za T50, ile ya AE86 yenye gia ya tano ya 0.861, jua kwamba hiyo ni ya ukoo mwingine wa injini. Hapo uko kwa njia ya nne, na adapta.

Peugeot 504. Mzee wa kazi. Ove Andersson alishinda Safari 1975 ndani ya 504. Watu hutazama 505, yenye ilikuja na boksi ya gia tano. Lakini 504 saloon haina propela ya kuning'inia kama Escort. Shafti iko ndani ya bomba gumu lenye limeunganisha giaboksi na difu. Ukiweka boksi yenye urefu tofauti, umesukuma kila kitu, kutoka injini hadi difu. Pia 504 nyingi ziko na gia ya usukani. Kama huna kila kipande cha 505 mbele yako, kuanzia boksi, bomba hadi fimbo za shifta, usianze. Hapa kuulizia difu kwanza ni akili.

Land Rover Series. Hapa ovadraivu ndio mfalme. Ile ya Fairey inafungwa nyuma ya transfa boksi, mahali pa kifuniko, na haigusi propela hata kidogo. Gia yake ni 0.782, kwa hivyo injini ikizunguka sawa, spidi inapanda kwa karibu asilimia 28. Inafanya kazi na kila gia ya mbele, so unapata hata nusu gia kati ya tatu na nne, yenye ni poa sana kwa mlima. Lakini iko na oili yake kidogo sana, na ikikauka inajiua. Iangalie mara nyingi kuliko vile unaangalia simu. Na kama transfa yako tayari inalia, tengeneza hiyo kwanza. Ovadraivu haiponyi ugonjwa, inauongeza.

MGB. Nyingi zilitoka kiwandani na ovadraivu ya Laycock, inayowashwa na swichi ya umeme na kusukumwa na presha ya oili. Inatumia oili ile ile ya giaboksi. Usimwage dawa yoyote ya kuteleza humo ndani, juu klachi yake ya koni itateleza nayo. Na kamwe usirudi nyuma ovadraivu ikiwa imeshika. Kuna swichi ya kuizuia kwa giaboksi. Ikiharibika, usiunganishe waya moja kwa moja ati ndio ufike home. Hiyo ni njia ya haraka ya kuivunja.

VITU NDOGO ZENYE ZINAKULA DOH

Boksi umepata. Sasa andika hii list na uulize fundi bei ya kila kitu kabla alegeze bolti ya kwanza.

- Diski ya klachi. Meno ya katikati lazima yaingie kwa shafti ya giaboksi mpya, lakini upana wake lazima ulingane na flaiwili yako ya zamani. Hesabu meno, usikisie.
- Beringi ndogo ya mwisho wa kranki. Pua ya shafti mpya inaingia hapo. Ikiwa nyembamba ama nene kuliko ya zamani, unahitaji beringi ingine ama bushi ya kuchongwa.
- Njia ya kusukuma klachi. Kama yako ni ya kebo na boksi mpya ni ya oili, kuna pampu, paipu na kazi ya ziada.
- Propela. Urefu, meno ya mbele na pleti ya nyuma. Ikikatwa lazima ibalansiwe kwa mashine. Propela isiyobalansiwa inatetemesha gari, inakula beringi za boksi mpya, na ikikatika kwa 100 inaweza kuingia ndani ya sakafu, mahali miguu yako iko.
- Pembe. Mstari wa giaboksi na mstari wa difu lazima uwe sambamba. Fundi akifunga boksi ikiwa imeinama, utasikia mtetemo wenye hakuna mtu atajua unatoka wapi.
- Spidomita. Ya zamani inataka kebo, boksi za kisasa zinatoa waya wa umeme. Na hata kebo ikiingia, gia yake ya plastiki inaweza kusoma uongo. Linganisha na GPS ya simu kabla ukutane na kamera ya spidi pale Expressway, mahali mwisho ni 80.
- Swichi ya taa ya kurudi nyuma. Kitu kidogo, lakini karau anaijua.

Kama unaenda njia ya adapta, kuna kipimo kimoja kisichosamehe: katikati ya giaboksi na katikati ya kranki lazima zikutane. Kipimo chenye wengi hutumia kama mwisho ni 0.13 ya milimita. Hiyo haionekani na jicho, inasomwa na geji ya saa yenye sumaku, ikizungushwa na flaiwili. Fundi akikuambia hahitaji hiyo geji, mshukuru, lipa chai, na utafute mwingine.

JINSI YA KUPIMA BOKSI KABLA ULIPE

Usinunue boksi ikiwa juu ya rafu. Ishushwe chini, ikae kwa mwanga, halafu fanya hivi.

Kwanza, zungusha shafti ya mbele na mkono ukiwa umeweka kila gia, moja baada ya ingine, na pia riva. Isikwame, isiruke, isitoe sauti ya mawe.

Pili, hesabu. Chora alama kwa shafti ya mbele na ya nyuma. Weka gia ya nne, zungusha mbele mara 10. Nyuma pia lazima itoke 10. Sasa weka ya tano na uzungushe mbele mara 10 tena. Ikiwa ni 0.82, nyuma itazunguka mara 12 na kidogo. Ikiwa ni 0.864, utapata 11 na nusu hivi. Ikiwa ni 0.745, inapita 13. Ndio hiyo, umejua boksi ni gani bila kuuliza mtu, na muuzaji amekuheshimu.

Tatu, tikisa shafti ya mbele juu na chini, halafu vuta na usukume. Mchezo kidogo kwa shafti ya mbele ni kawaida. Kugonga ni beringi zimekwisha.

Nne, mwaga oili kwa kitambaa cheupe. Unga laini wa rangi ya dhahabu unatoka kwa pete za sinkro, na kidogo hauogopeshi. Vipande vya chuma unavyoweza kuokota na vidole, hapo funga mkoba uende.

Tano, angalia kasha lote kwa nyufa, hasa masikio ya bolti. Kasha la alumini lililochomelewa vibaya linaweza kuvuja milele.

Sita, chukua risiti yenye imeandikwa namba ya boksi, na mkubaliane siku ngapi unaweza kuirudisha. Hakuna makubaliano, hakuna doh.

USITUPE YA ZAMANI

Kuna jambo wasee husahau wakiwa na mzuka. Hii ndai ilitoka kiwandani na giaboksi yake, na kila mwaka zinabaki chache. Boksi ya zamani ipake oili, ifunge kwa nailoni, iweke mahali pakavu. Piga picha kila hatua kabla chochote kitolewe. Chagua njia yenye haikati chasi. Kugonga tanuli kidogo ni sawa, kukata na kuchomelea upya ni uamuzi wa kudumu.

Kama ndoto yako ni kuipeleka Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, ama kuingia mashindano ya magari ya zamani, soma sheria zao kabla ununue chochote. Na kama utabadilisha injini pia ndio boksi ikubali, kumbuka namba ya injini iko kwa logbook. Lazima uende NTSA ibadilishwe, la sivyo siku ya kuuza utakuwa unaeleza mambo mengi.

SIKU YA KUWASHA

Soma boksi yenyewe inataka oili gani. Sio zote zinakunywa kitu kimoja. MGB ya gia nne zenye sinkro hutumia 20W-50 ya injini. Boksi nyingi zingine za zamani zinataka oili ya gia ya daraja la GL-4. Msee akikuambia GL-5 ni bora juu namba ni kubwa, mwambie apunguze. Dawa zilizo kwa baadhi ya GL-5 zinaweza kula shaba ya pete za sinkro.

Jaza oili kabla injini iwashwe, sio baada. Tembea mtaani kwanza, kilomita chache, gia zote. Rudi, inua gari, angalia kama kuna mahali panavuja na ukaze bolti za kishikilio na propela. Halafu toka hadi 80 na usikilize. Mtetemo unaokuja na spidi ya gari hata ukitoa gia, cheki propela. Mlio unaobadilika na gia, cheki boksi. Oili ya kwanza imwage mapema, juu itakuwa imebeba uchafu wote wa miaka yenye hukuwepo.

Kwa ufupi, mpangilio ni huu: pima tairi na difu, fanya hesabu, chagua namba ya gia yenye injini yako inaweza kubeba ikiwa Nairobi, ndio utafute boksi ya ukoo wake. Ukienda Grogan na hizo namba zimeandikwa kwa karatasi, hakuna msee ataweza kukuingiza box. Wewe ndio utaingiza giaboksi.